Figo ya Ndugu, Hesabu ya Wageni



Uingiapo mwezi wa Desemba, na mabasi yatokayo Dar es Salaam na Arusha yakaanza kuwashusha wenyeji wa Machame, Kibosho, Marangu na Rombo pamoja na mizigo yao, kila ukoo huwa na mashauri yaliyowekwa akiba mwaka mzima yakingoja watu wakutane: mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, mahari ya binti, karo ya mtoto aliyefiwa na babaye, na ugomvi wa ndugu wawili ambao bado haujapelekewa jani la isale la kuombea msamaha. Juu ya mashauri hayo ya jadi limeongezeka, katika miaka hii yetu, shauri moja ambalo wazee waliotutangulia hawakulijua, nalo ni ombi la figo. Mtu ambaye kwa mwaka mzima au zaidi amekuwa akienda hospitali mara tatu kila juma, akilala kwa muda wa saa nne karibu na mashine huku sindano mbili zimechomwa mkononi mwake, moja ikitoa damu na ya pili ikiirudisha baada ya kusafishwa, huketi katikati ya nduguze akiwa ameushusha mkono wa shati ili watoto wasiutazame ule mshipa uliovimba unaovuma chini ya kidole ukiugusa. Na mwenye kusema ni mtu mwingine, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe huona haya kumkabili mdogo wake na kumwomba sehemu ya mwili wake.

Machozi yakishapungua, na kabla mtu yeyote hajasema ndiyo wala hapana, mjomba mmoja ambaye maisha yake yote ameyapima kwa mavuno na bei huuliza: "Sawa, wanangu, nimesikia. Lakini hiyo figo ikishawekwa itakaa miaka mingapi?"

Wako watakaoona kuwa swali hilo ni la ukavu wa moyo. Mimi naliona kuwa ni swali la insafu, kwa sababu anayetakiwa kutoa ana haki ya kujua anatoa kwa ajili ya nini. Na nimelichagua liwe maudhui ya mazungumzo yetu ya jioni hii kwa kuwa tumefika zama ambazo jibu lake halitafutwi kwa tabibu peke yake, bali hutafutwa pia kwa mashine iliyofundishwa kubashiri, ambayo magazeti yetu huifunga pamoja na nyingine nyingi katika jina moja la akili mnemba.

Tabibu wa zamani hakuwa na la kujibu. Siku ya tarehe 23 Desemba 1954, katika hospitali ya Peter Bent Brigham mjini Boston, Marekani, daktari Joseph Murray na wenzake walipoitoa figo ya kijana Ronald Herrick na kuitia mwilini mwa pacha wake Richard, hawakuwa na kitabu cha kuwaambia yatakayofuata, maana huo ndio upandikizaji wa kwanza wa figo uliofaulu na kudumu. Ulifaulu kwa sababu wawili wale walikuwa mapacha wa kufanana kabisa, hata kinga ya mwili wa Richard haikuitambua figo ile kuwa ni ngeni. Richard aliishi miaka minane; Ronald, aliyebaki na figo moja, aliishi hadi mwaka 2010. Murray alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1990, na baina ya miaka hiyo miwili, 1954 na 1990, zilipatikana dawa za kuituliza kinga ya mwili, hususan ile iitwayo siklosporini iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1983, zikawawezesha watu wasio mapacha, na hata wasio ndugu, kupeana viungo.

Kwetu Tanzania jambo hili ni changa. Mpaka mwaka 2017 mgonjwa wetu aliyehitaji figo mpya alisafirishwa ng'ambo, aghalabu India, kwa fedha za serikali au kwa fedha za ukoo uliouza shamba. Mwezi wa Novemba mwaka huo Hospitali ya Taifa Muhimbili ikapandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini, madaktari wetu wakishirikiana na wenzao wa India, na mwezi wa Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata, safari hii kwa ushirikiano na Wajapani. Wenye kutoa ni ndugu walio hai. Mgonjwa wa huku kwetu, ambaye damu yake husafishwa hapa hapa Moshi, katika KCMC, hospitali tuliyonayo tangu mwaka 1971, hupewa barua ya kwenda huko, naye huenda pamoja na nduguye aliyekubali, wote wawili wakiwa na hofu, mmoja tu kati yao akiwa mgonjwa.

Sasa nitaeleza jinsi mashine inavyojifunza kubashiri, na kwa kuwa mji wetu huu ni mji wa mnada wa kahawa, sina haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwonjaji wa kahawa huitwa mbele ya safu ya vikombe, akatia kijiko, akavuta kwa mlio mkali, akazungusha kinywani, akatema, akasema: hii ni daraja fulani. Ukimwuliza ametumia kanuni gani hawezi kukupa yote kwa maneno; ulimi wake umeonja vikombe maelfu, na kila kimoja baadaye kilijulikana kiliuzwaje, basi mazoea hayo yamekuwa elimu. Mashine nayo hupewa majalada maelfu ya watu waliopandikizwa figo, na katika kila jalada mna umri, kundi la damu, vipimo vya mkojo, hali ya mtoaji, na mwisho wake, yaani figo ile ilidumu au ilikufa, na lini. Nayo hupitia majalada hayo mara nyingi mno, ikijirekebisha kila inapokosea, hata ikaweza kupewa jalada la mtu ambaye mwisho wake haujulikani ikatoa nambari. Elimu ya ghaibu ni ya Mungu, wala mashine haidai kuwa nayo; inayosema ni hii tu, kwamba katika watu niliowahi kuwaona waliofanana na huyu, kwa kila mia, kadhaa walifikwa na hili. Walakini mwonjaji yule aliyelelewa kwa arabika ya Kilimanjaro peke yake, siku ukimwekea robusta ya Bukoba bila ya kumwambia, atatoa hukumu, na hukumu hiyo ataitoa kwa sauti ile ile ya uhakika aliyoitoa jana.

Hilo ndilo linaloniogofya, nami nitalifuata hatua kwa hatua.

Katika vipimo vya namna hii kilichopata sifa kubwa ni kile kilichotungwa na wataalamu wa Paris chini ya daktari Alexandre Loupy, kiitwacho iBox, ambacho habari zake zilitangazwa mwaka 2019. Walikusanya watu 7,557 waliopandikizwa figo katika vituo kumi vya Ulaya na Marekani, wakachagua mambo manane: muda uliopita tangu upasuaji, kasi ya figo kuchuja damu, kiasi cha protini katika mkojo, mambo manne ambayo mtaalamu wa hadubini huyaona katika kinyofu kidogo cha figo kilichotolewa kwa sindano, na kiwango cha kingamwili zilizoundwa mahsusi kumpinga mtoaji. Kwa mambo hayo manane hubashiri uwezekano wa figo kufa katika miaka mitatu, mitano na saba. Ubora wake huelezwa hivi: ukikiwekea wagonjwa wawili ambao figo ya mmoja ilikufa kabla ya ya mwenziwe, kitamtambua yule wa kwanza kufikwa takriban mara 81 kwa kila mara 100, ilhali mwenye kurusha sarafu angepata 50. Ni kazi njema, tena njema sana, na mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilikubali kitumiwe katika kuzipima dawa mpya. Mjomba wetu, hata hivyo, angezingatia zaidi zile mara 19 zilizobaki.

Na hapa pana jambo litakalowashangaza wale wanaodhani kuwa kila kilicho kipya ni bora. Hesabu ya iBox haikutungwa kwa mashine ya kujifunza kwa maana ya leo. Ilitungwa kwa kanuni ya takwimu aliyoitoa Mwingereza David Cox mwaka 1972. Mwaka 2023 wataalamu wa kundi hilo la Paris wakazishindanisha mbinu za kisasa za mashine na mbinu ya zamani katika kazi hii moja ya kubashiri kufa kwa figo, wakaona kuwa zile za kisasa hazikuishinda. Nalisema hili kwa furaha kidogo, nakiri, maana limenithibitishia kuwa ugumu wa jambo hauko katika werevu wa mashine. Uko katika majalada: ni nani aliyeandikwa humo, ameandikwa nini, na nani hakuandikwa kabisa.

Ugumu huo uko pia katika swali lililoulizwa. Uingereza, tangu mwezi wa Machi 2018, maini ya marehemu hugawiwa wagonjwa kwa hesabu inayotazama mambo 28, 21 ya mgonjwa na 7 ya mtoaji, ikatafuta ni nani atakayefaidika zaidi kwa kupewa ini hilo kuliko kungoja. Ni shabaha ya haki. Lakini watungaji wake walipima faida hiyo katika muda wa miaka mitano tu. Na ikiwa mpaka ni miaka mitano, basi kijana wa miaka 25 ambaye ini lingempa miaka 40 ya uhai haongezewi chochote kwa ile miaka 35 ya mbele, ilhali mzee ambaye angekufa upesi bila ya ini huonekana kuwa ndiye mwenye kufaidika zaidi. Yakazuka malalamiko kwamba vijana wanangojeshwa. Mashine haikumchukia kijana yeyote; ilitii amri iliyopewa na watu wazima waliokaa kikao.

Turudi kwenye figo, na kwenye jambo moja dogo ambalo ndani yake mna karibu kila kitu nilichokusudia kusema.

Kasi ya figo kuchuja damu haipimwi moja kwa moja kwa wagonjwa wengi, kwa sababu kuipima ni kazi na gharama. Hukisiwa kwa kipimo cha kreatinini, ambayo ni taka itokayo katika misuli na kusafiri kwa damu hadi figo iitoe. Kreatinini ikiwa nyingi katika damu hudhaniwa kuwa figo imechoka. Lakini mtu mwenye misuli mingi huzalisha kreatinini nyingi ilhali figo zake ni nzima, na mtu aliyekonda, anayekula nyama siku za sikukuu tu, huzalisha chache hata figo zake zikiwa zimekwisha kuharibika, hivyo ikabidi itungwe kanuni ya kurekebisha kwa umri na jinsia. Wamarekani wakaongeza na rangi. Kanuni yao ya mwaka 1999 ilizidisha matokeo ya kila mtu mweusi kwa takriban 1.2, na ile ya mwaka 2009 kwa takriban 1.16, kwa dhana kwamba watu weusi wana misuli zaidi; kwa hiyo watu wawili wenye kreatinini sawa, umri sawa na jinsia moja, mmoja mweupe na mmoja mweusi, yule mweusi aliandikiwa kuwa figo zake ni bora, na kwa kuandikiwa hivyo akachelewa kuingizwa katika orodha ya wangojao figo. Mwaka 2021 kanuni hiyo ikaandikwa upya bila ya rangi, na mwaka 2023 hospitali za huko zikaamriwa kuwarudishia wagonjwa weusi muda wa kungoja waliodhulumiwa. Hata kile kipimo chao cha ubora wa figo ya marehemu kilikuwa kikiihesabu figo ya mtu mweusi kuwa na kasoro kwa weusi wa mwenyewe tu, na jambo hilo likafutwa mwaka 2024.

Mtasema: hayo ni ya Wamarekani, nao wameyamaliza. La, hayajaisha, maana yametufikia sisi kwa njia nyingine. Mwaka 2022 zilitangazwa habari za utafiti uliofanywa Uganda, Malawi na Afrika ya Kusini juu ya watu zaidi ya 2,500, ambao kasi ya figo zao ilipimwa barabara kwa kuingiziwa mwilini dawa ya aiohekso na kutazama inatoka kwa mwendo gani, kisha ikalinganishwa na makisio ya kreatinini. Ikadhihirika kuwa makisio yalizisifu figo kupita haki yake, na kwamba wagonjwa wa figo miongoni mwa watu wale walikuwa wengi kuliko walivyohesabiwa. Yaani kule Marekani kosa lilikuwa kumzidishia mtu kwa ajili ya rangi yake. Huku kwetu, hata bila ya kuzidisha, kanuni iliyofunzwa kwa miili iliyoshiba nyama hukosea juu ya mwili uliokulia ndizi na maharage, ukapanda mlima na kuteremka na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani.

Basi mtazameni yule ndugu aliyekubali kutoa. Anafika hospitali, ni mwembamba, ni mwenye afya, kreatinini yake ni ndogo, kanuni inasema figo zake ni za kupigiwa mfano. Yamkini ni kweli. Yamkini pia anakaribia mpaka ambao akiufikia hangetakiwa kuitoa hata moja ya figo zake mbili. Ndiyo maana daktari makini humpa kidumu na kumwambia akusanye mkojo wake wote wa saa 24, asimwage hata wa usiku, akirudishe kesho. Ni kazi ambayo vijana huiona kuwa ni aibu, hasa mtu akiwa amefikia kwa jamaa mjini na kidumu hicho kimekaa pembeni mwa choo cha watu wengine. Nawasihi wasione aibu. Kidumu kile, kwa uchafu wake wote, husema habari za mwili wa mtu huyo mmoja, ilhali kanuni husema habari za wastani wa watu asiowajua.

Tena yako mambo ya nasaba. Mwaka 2010 iligunduliwa kuwa mabadiliko fulani katika jeni iitwayo APOL1, ambayo asili yake ni Afrika ya Magharibi na ambayo yanamkinga mwenye nayo na vimelea vya malale, humletea mtu aliyeyarithi kwa baba na kwa mama hatari kubwa ya figo kufa. Na kwa kuwa Waafrika wa Marekani nasaba yao kubwa ni ya Magharibi, mabadiliko hayo ni mengi kwao, ilhali katika Afrika ya Mashariki ni nadra zaidi. Kikokotoo kilichotolewa mwaka 2016 kwa ajili ya Marekani, kwa taarifa za watu karibu milioni tano, cha kumkadiria mtu anayetaka kutoa figo atakuwa na hatari gani ya kuugua mwenyewe baadaye, humpa mwanamume mweusi wa miaka 40 hatari ya 0.24 kwa 100 katika miaka 15, na mweupe 0.06. Hatari hiyo ni ya mtu ambaye bado hajatoa. Sasa kijana wa Uru, au wa Upareni, au Mmaasai wa Sanya, akiwekwa mbele ya kikokotoo hicho achague safu ipi? Weusi anao, lakini nasaba ya Magharibi hana, au anayo kidogo. Na maradhi ya kwao, na maji ya kwao, na chumvi ya kwao, hayamo mle.

Fauka ya hayo kuna yatokeayo baada ya upasuaji, ambayo wenye iBox hawakuwa na haja ya kuyahesabu. Mwenye figo ya kupewa hunywa dawa za kuituliza kinga, kubwa yake ikiwa takrolimasi, asubuhi na jioni, kwa saa zile zile, maisha yake yote; kiasi chake katika damu sharti kipimwe, kwani kikishuka figo hukataliwa na kikipanda figo hutiwa sumu. Kinga iliyotulizwa hufungua mlango kwa kifua kikuu, nasi ni watu ambao kifua kikuu tunaishi nacho. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha ipo kwa ajili yake tangu mwaka 1926. Na dawa kubwa ya kifua kikuu, rifampisini, ile inayougeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, hulifanya ini liivunje takrolimasi kwa kasi hata kipimo kilichokuwa kinatosha jana leo kikawa si kitu. Mgonjwa anakunywa dawa zote mbili kwa uaminifu, hakukosa hata siku moja, na figo ya mdogo wake inakufa asipopata mtu wa kumpimia damu na kumwongezea kiasi. Katika yale mambo manane ya Paris hakuna swali lisemalo: je, mgonjwa huyu anatumia rifampisini? Wala hakuna lisemalo: je, dawa zilikosekana duka la dawa juma lile? Je, kliniki iko kilomita ngapi, na nauli alikuwa nayo? Sisemi kwamba watu wa Paris wamekosea. Waliandika yaliyokuwa yakiua figo za Paris.

Ndiyo kusema, basi, tuiweke mashine kando? Hata kidogo, na wale wanaosema kuwa haya ni ya nchi tajiri, sisi tungoje, nawapinga. Nchi yenye wataalamu wachache wa figo ndiyo yenye haja kubwa ya kujua mapema ni mgonjwa gani aitwe kliniki kesho na ni yupi anaweza kuonwa mwezi ujao, seuze akiwa anakaa Tarakea na mtaalamu wake yuko Dodoma. Ninachosema ni kwamba mashine ya kutufaa haitanunuliwa. Itafundishwa, na cha kuifundishia hatujakiandika. Watu waliopandikizwa hapa nchini tangu 2017 wangekuwa mwalimu wake wa kwanza, lau kila mmoja wao angekuwa na jalada moja linalomfuata, kutoka Dodoma hadi KCMC, kutoka KCMC hadi zahanati ya kijijini, likaandika kiasi cha dawa katika damu, siku zilizokosa dawa na kwa sababu gani, malaria, kifua kikuu, dawa za miti shamba ambazo mgonjwa huogopa kumtajia daktari, na siku figo ilipochoka.

Uwezo huo tunao. Mwaka 2015 zilichapishwa habari za uchunguzi uliofanywa hapa hapa, na wataalamu wa KCMC pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, wakienda nyumba kwa nyumba katika Moshi mjini na Moshi vijijini kupima damu na mikojo ya watu wazima. Wakaona kuwa watu 7 kwa kila 100 wana maradhi sugu ya figo, mjini wakifika 15 na vijijini 2, na kwamba katika hao wenye maradhi, aliyekuwa anajua hali yake ni takriban mmoja kwa kumi. Siku ile mtu alipobisha hodi kwenye nyumba ya Mchaga na kuomba mkojo, akapewa, tulithibitisha kuwa watu wetu hawakatai kuandikwa wakielezwa kwa heshima sababu ya kuandikwa. Sheria nayo ipo: ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mgonjwa haki ya kujua taarifa zake zinachukuliwa kwa ajili gani na nani anazo. Na jambo hilo la nani anazo si dogo, kwani zikienda kukaa katika mashine ya kampuni ya ng'ambo, tutarudi kuuziwa hesabu iliyotokana na damu yetu wenyewe, kama tulivyozoea kuuziwa kahawa ya kopo.

Katika majalada hayo yupo mtu mmoja ambaye nina hakika atasahauliwa tusipomtaja sasa, naye ni mtoaji. Mgonjwa ana kliniki, ana kadi, ana dawa za kufuata. Mtoaji, akishashonwa na kupona kidonda, huhesabiwa mzima, hurudi kwenye pikipiki yake au kwenye duka lake pale sokoni Memorial, na hakuna anayemwita tena. Wataalamu wa dunia wanashauri apimwe angalau mara moja kila mwaka, shinikizo la damu, mkojo na kreatinini, maana hatari yake, ikiwapo, huja pole pole baada ya miaka mingi, na maumivu hayatangulii kumwonya. Kupimwa huko ni kazi ya nusu saa, na hata hospitali ya Mawenzi inaweza kuifanya. Lakini mtu asiye mgonjwa hatapanda gari kutoka Mkuu Rombo na kupoteza siku ya kazi kwa nauli yake mwenyewe ili aambiwe kuwa haumwi, basi nashauri jalada lake lifunguliwe siku ile ile nduguye anapofunguliwa lake, lipewe nambari yake, na nauli hiyo ya kila mwaka, pamoja na ujira wa siku iliyopotea, ihesabiwe ndani ya gharama za upasuaji tangu mwanzo, ilipwe na yule yule anayelipia kisu.